TEKNOLOJIA: Tovuti nzito hufukuza wateja kimyakimya, dawa imo ndani ya kivinjari

MTU anayefungua tovuti kwenye simu yake akangoja hadi subira ikamwishia haandiki barua ya kulalamika. Hapigi simu kuuliza kulikoni. Hubonyeza kitufe cha kurudi nyuma akaenda zake, na mwenye tovuti hapati kujua kamwe kwamba kuna mgeni aliyebisha hodi asifunguliwe.

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika biashara ya mtandaoni, mshindo huo husikika mwisho wa mwezi, pale mfanyabiashara anapojiuliza mbona amelipia tovuti ya kupendeza ilhali wateja wanaoagiza bidhaa ni wale wale waliokuwa wakimpigia simu tangu hapo.

Chukua mfano wa mwenye duka la samani aliyemwajiri kijana hodari amuundie tovuti. Kijana huyo anaifanya kazi ofisini, kwenye tarakilishi mpya, akitumia intaneti ya waya. Siku ya kuikabidhi, ukurasa unafunguka kufumba na kufumbua. Mwenye duka anaridhika, analipa, wanapeana mikono.

Jioni hiyo hiyo, mteja aliyeketi ndani ya matatu anaufungua ukurasa uo huo kwa simu ya bei nafuu, mtandao ukiwa wa kusuasua. Anaona weupe mtupu. Sekunde kumi zinapita, kisha ishirini, kisha thelathini. Anaufunga na kuirudisha simu mfukoni.

Hakuna aliyedanganya hapo. Tatizo ni kwamba fundi hakuwahi kuuona ukurasa wake jinsi mteja anavyouona. Makala haya yanaeleza namna ya kuliziba pengo hilo kwa kutumia zana ambazo tayari zimo ndani ya kivinjari, au brauza kama wengi wanavyoiita, bila ya kununua programu yoyote. Maelezo haya yanawalenga zaidi waundaji wa tovuti, lakini hata mwenye biashara asiyejua kuandika mstari mmoja wa msimbo anaweza kuyatumia kukagua kazi aliyouziwa.

Kisa cha YouTube

Mwaka wa 2009, Chris Zacharias, ambaye wakati huo alikuwa akiunda kurasa za YouTube, alianza kazi ya kupunguza uzito wa ukurasa wa kutazamia video. Ukurasa huo ulikuwa na takriban megabaiti 1.2 na ulihitaji makumi ya faili ndipo ukamilike. Zacharias aliuandika upya hadi ukashuka chini ya kilobaiti 100, ukiwa na faili 14 pekee.

Toleo hilo jepesi lilipofikishwa kwa baadhi ya watazamaji na takwimu zikakusanywa, alipigwa na butwaa. Wastani wa muda wa kufunguka haukuwa umeshuka, bali ulikuwa umepanda. Ukurasa uliopunguzwa uzito zaidi ya mara kumi ulionekana kwenye hesabu kuwa wa polepole kuliko ule wa awali.

Jibu lilipatikana baada ya takwimu hizo kupangwa kwa kufuata maeneo. Idadi ya watazamaji kutoka Afrika, Amerika Kusini, Asia ya Kusini-Mashariki na hata pembe za mbali za Siberia ilikuwa imeongezeka mno. Katika maeneo hayo, ukurasa mpya ulichukua zaidi ya dakika mbili kufunguka. Ule wa zamani ungechukua zaidi ya dakika 20, kwa hivyo hapakuwa na mtu aliyeungoja.

Watu hao hawakuwemo katika hesabu za awali kwa sababu hawakuwahi kufika. Walipoanza kufika, muda wao mrefu ndio uliovuta wastani juu. Zacharias alikisimulia kisa hicho hadharani mwaka wa 2012, na hadi leo hakijapoteza maana yake kwa yeyote anayejenga tovuti ya kutumiwa na Waafrika.

Takwimu za tovuti huhesabu waliofaulu kuingia. Aliyekata tamaa mlangoni haachi alama. Kwa hivyo, mwenye tovuti asijidanganye kwamba mambo ni shwari eti kwa kuwa hajapokea malalamiko. Sharti aende mwenyewe akasimame pale mlangoni.

Zana zilizomo kivinjarini

Zamani, fundi aliyetaka kujua ni kitu gani kinachouchelewesha ukurasa wake alilazimika kubahatisha sana. Hali ilianza kubadilika mnamo Januari 2006, pale Joe Hewitt alipotoa Firebug, kiongezi cha kivinjari cha Firefox kilichomwezesha mtu kuchungulia ndani ya ukurasa na kuona kila faili inavyoingia. Firebug ilifikia kikomo mwaka wa 2017. Kufikia wakati huo, vivinjari vyote vikubwa, vikiwemo Chrome, Firefox, Safari na Edge, vilikuwa na zana za aina hiyo ndani yavyo.

Kuzifungua si kazi ngumu. Kwenye tarakilishi inayotumia Windows au Linux, fungua tovuti unayotaka kuikagua kisha ubonyeze F12, au vitufe vya Ctrl, Shift na I kwa pamoja. Kwenye Mac, bonyeza Cmd, Option na I. Watumiaji wa Safari hawana budi kwanza kuiruhusu menyu ya wasanidi katika mipangilio ya kivinjari hicho.

Dirisha litatokea kando au chini ya ukurasa likiwa na vichupo kadhaa. Usitishwe na wingi wake. Cha kwanza unachohitaji ni kile kilichoandikwa "Network", ambacho huorodhesha kila kitu kinachosafiri kati ya seva na kifaa chako.

Ingia kama mgeni

Kosa la kwanza la mafundi wengi ni kupima tovuti ambayo kivinjari chao kimekwisha kuizoea. Kivinjari huhifadhi nakala za picha na faili nyingine ili kisizipakue upya kila mara. Hifadhi hiyo ya muda ndiyo inayoitwa kashe. Fundi aliyeufungua ukurasa wake mara mia haungojei tena, ilhali mteja mpya huanza akiwa hana chochote.

Ndani ya kichupo cha "Network" kuna kisanduku kilichoandikwa "Disable cache". Kitie alama. Mradi dirisha la zana liko wazi, kivinjari kitapakua kila faili upya, kama kwamba ndiyo mara yako ya kwanza kufika.

Kosa la pili ni kupima kwa mtandao wa ofisini. Kando ya kisanduku hicho katika Chrome kuna menyu inayosomeka "No throttling", kumaanisha kwamba kasi haijazuiwa. Ifungue, uchague "Slow 4G" au "3G". Firefox pia ina menyu ya namna hiyo. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na M ili ukurasa ujitokeze kwa upana wa kioo cha simu, halafu uupakue upya.

Sasa ngoja, na usifungue kichupo kingine cha kupitishia wakati. Mwaka wa 1993, Jakob Nielsen, mtaalamu wa masuala ya matumizi ya tarakilishi, aliandika kuwa jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huliona kama la papo hapo. Likija ndani ya sekunde moja, mawazo yake hayakatiki. Likipita sekunde 10, akili yake huhamia kwingine. Teknolojia imebadilika mno tangu wakati huo, lakini subira ya binadamu ni ile ile.

Kusoma hesabu

Ukurasa ukishafunguka, tazama chini ya orodha ya faili. Utaona tarakimu kadhaa, na tatu kati yazo ni muhimu zaidi: idadi ya maombi ambayo kivinjari kiliitumia seva, uzito wa data iliyosafirishwa, na muda uliotumika. Tarakimu ya pili ndiyo inayogusa mfuko wa mteja, kwa kuwa data hiyo hukatwa kwenye bando lake.

Tuseme ukurasa wa duka letu la samani una megabaiti 6. Mteja mwenye bando la megabaiti 50 atalimaliza kwa kufungua kurasa nane tu za namna hiyo, hata kabla ya kuuliza bei ya kiti.

Kuhusu muda, kumbuka kwamba kasi ya mtandao hupimwa kwa biti ilhali faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Megabaiti 6 ni sawa na megabiti 48. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, ukurasa huo utahitaji sekunde 24. Mtandao ukidorora hadi kilobiti 400 kwa sekunde, utahitaji dakika mbili nzima. Lakini ukurasa huo ukipunguzwa hadi kilobaiti 600, utahitaji chini ya sekunde tatu kwa mtandao wa kwanza na sekunde 12 kwa ule wa pili.

Mbali na tarakimu hizo, kila faili kwenye orodha ina mchirizi wa rangi unaoonyesha ilianza lini na ikaisha lini. Michirizi hiyo hushuka kwa ngazi mithili ya maporomoko ya maji, na kuisoma ni rahisi ukijua unachotafuta. Weka kipanya juu ya mchirizi mmoja na utaonyeshwa vipande vyake.

Ikiwa sehemu kubwa ya mchirizi ni ya kungoja jibu, basi seva inachelewa kufikiri au iko mbali. Ikiwa sehemu kubwa ni ya kupakua, faili yenyewe ni nzito. Na ikiwa mchirizi umeanza kuchelewa huku mingine ikiwa imekwisha, faili hiyo ilikuwa ikisubiri nyingine imalize kwanza. Kila hali ina dawa yake, na fundi asiyetofautisha huishia kutibu mguu ilhali kinachouma ni jino.

Picha ndizo za kwanza kushukiwa

Bonyeza kichwa cha safu ya ukubwa ili faili zijipange kuanzia iliyo nzito zaidi. Mara nyingi utakuta picha ndizo zilizotangulia.

Sababu yake inaeleweka. Simu nyingi za kisasa hupiga picha yenye upana wa pikseli 4,000 na kimo cha pikseli 3,000, ambayo ni jumla ya pikseli milioni 12. Picha kama hiyo huweza kuwa na megabaiti tatu au nne. Mwenye duka huipakia ilivyo, na tovuti ikaionyesha kwenye nafasi isiyozidi pikseli 400. Kivinjari huipunguza kwa macho tu. Data yote imekwisha kusafiri na kulipiwa.

Picha hiyo ikipunguzwa hadi pikseli 800 kwa 600 kabla ya kupakiwa, itabaki na pikseli 480,000, ambazo ni sehemu moja ya 25 ya zile za awali. Bado itaonekana safi hata kwenye simu zenye vioo vya ubora wa juu. Aidha, kuihifadhi katika muundo wa WebP, uliotangazwa na Google mwaka wa 2010, au ule mpya zaidi wa AVIF, kwa kawaida huipunguza zaidi ya JPEG bila ya jicho kugundua tofauti.

Vilevile, si lazima picha zote ziletwe kwa wakati mmoja. HTML inaruhusu picha zilizo chini ya ukurasa zipewe sifa ya "loading" yenye thamani ya "lazy", ili zipakuliwe tu pale msomaji anapozikaribia. Hata hivyo, usiitumie sifa hiyo kwa picha kuu iliyo juu ya ukurasa, kwani utakuwa umeichelewesha ile ile ambayo mgeni anaingojea.

JavaScript na simu ya bei nafuu

Baada ya picha, mshukiwa wa pili ni JavaScript. Hapa wengi hupotea kwa kudhani kuwa kilobaiti 300 za picha ni sawa na kilobaiti 300 za JavaScript. Picha ikifika, huchorwa na mambo yakaisha. JavaScript ikifika, simu hulazimika kuisoma, kuitafsiri na kuitekeleza. Kichakataji cha simu ya bei nafuu huweza kuhangaika na kazi hiyo kwa sekunde kadhaa hata mtandao ukiwa mzuri, na muda huo wote mteja anabonyeza vitufe visivyomjibu.

Katika kichupo cha "Performance" cha Chrome, kuna mpangilio wa kupunguza nguvu za kichakataji mara nne au mara sita. Ukiuwasha, tarakilishi yako ya kifahari itajongea kama simu ya kawaida, nawe utaona ni skripti ipi inayokula muda.

Zana nyingine yenye manufaa ni ile ya "Coverage". Bonyeza Ctrl, Shift na P, andika jina hilo, kisha upakue ukurasa upya. Itakuonyesha ni kiasi gani cha kila faili ya JavaScript na CSS kilichotumika na kiasi gani kilichosafirishwa bure. Lakini usikimbilie kufuta kila kilichotiwa rangi nyekundu, kwani huenda baadhi yake kinahitajika mteja anapobonyeza kitufe cha kulipa. Ukurasa ujaribu wote kwanza.

Isitoshe, chunguza vitu vya kuazima. Kisanduku cha gumzo, ramani, picha zinazojizungusha, vifaa vya kufuatilia matangazo, vyote hivi hutoka kwenye seva za watu wengine, na kila kimoja huja na mizigo yake. Katika orodha ya "Network", bonyeza kulia kwenye faili inayotiliwa shaka, uizuie, kisha upakue ukurasa bila yake. Linganisha muda. Hapo mwenye biashara atajua gharama halisi ya kisanduku cha gumzo ambacho pengine hakuna mteja aliyewahi kukitumia.

Skripti zinazobaki zisiachwe zikaziba njia. Skripti iliyowekwa juu ya ukurasa bila ya maelekezo yoyote humlazimu mgeni kutazama weupe hadi ipakuliwe na kutekelezwa. Ikiongezwa neno "defer", kivinjari kitaipakua huku kikiendelea kusoma ukurasa, na kuitekeleza baadaye.

Umbali nao huhesabiwa

Kabla ya mwaka wa 2009, Kenya iliwasiliana na ulimwengu wa intaneti kwa kutegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya dunia. Ombi kwenda na jibu kurudi lilichukua karibu nusu sekunde angani pekee. Mwaka huo, kebo za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa, na safari hiyo ikafupika sana.

Hata hivyo, kufupika si kutoweka. Mwanga husafiri ndani ya kebo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa New York, kwenda na kurudi kutoka Nairobi ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hata kama kebo ingenyooka kama uzi, na kebo za baharini hazinyooki. Kivinjari nacho hakifanyi safari moja tu. Hutafuta kwanza anwani ya seva, kisha hufungua mawasiliano, kisha hukubaliana na seva kuhusu usimbaji wa usalama, ndipo kiombe ukurasa wenyewe.

Fundi hawezi kuongeza kasi ya mwanga, ila anaweza kupunguza safari na mizigo. Kwanza, aelekeze seva iiambie kashe ya kivinjari ihifadhi picha, fonti na faili za CSS kwa muda mrefu, hata mwaka mzima, ambao ni sekunde 31,536,000. Faili inapobadilishwa, ipewe jina jipya lenye nambari ya toleo ili wageni wa zamani wasibaki na nakala iliyopitwa na wakati.

Pili, ahakikishe seva inabana faili za maandishi kabla ya kuzituma, kwa njia ya gzip au Brotli. HTML, CSS na JavaScript hupungua sana zikibanwa. Kujua kama kazi hiyo inafanyika, bonyeza faili mojawapo kwenye orodha ya "Network" na utafute mstari wa "content-encoding" katika majibu ya seva. Usipouona, huenda wateja wako wanalipia hewa.

Tatu, afikirie kuweka nakala za faili zake karibu na wateja. Kuna mitandao ya usambazaji inayohifadhi nakala katika miji mingi duniani, baadhi yake ikiwa na vituo Nairobi na Mombasa. Kituo cha KIXP nacho huziwezesha kampuni za intaneti humu nchini kupokezana data bila ya kuizungusha ng'ambo.

Umuhimu wa hatua hizi ulidhihirika Mei 2024, wakati kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota katika mataifa ya Afrika Mashariki. Siku kama hizo, tovuti nyepesi huenda bado ikafunguka pale ambapo ile nzito imekwama kabisa.

Vipimo vitatu vya kukumbuka

Google ilitangaza mwaka wa 2020 vipimo vitatu vya kutathmini jinsi mgeni anavyouona ukurasa. Cha kwanza, LCP, ni muda unaopita hadi picha au aya kubwa zaidi ionekane kiooni. Haufai kuzidi sekunde 2.5. Cha pili ni INP, kilichochukua nafasi ya kipimo cha awali cha FID mnamo Machi 2024, na hupima ukurasa unavyoitikia mguso. Usizidi milisekunde 200.

Cha tatu, CLS, hupima jinsi vitu vinavyorukaruka ukurasa unapofunguka, na kinatakiwa kisizidi 0.1. Yeyote aliyewahi kutaka kubonyeza "Ghairi", tangazo likashuka ghafla na kidole kikatua kwenye "Lipa", anakielewa kipimo hiki bila ya kufafanuliwa. Dawa yake ni ndogo: kila picha na kila nafasi ya tangazo itajiwe upana na kimo chake mapema, ili kivinjari kiitengee mahali.

Ni vyema kufahamu kuwa vipimo hivi havihukumiwi kwa wastani. Ili tovuti ihesabiwe kufaulu, angalau asilimia 75 ya ziara za wageni sharti zitimize viwango hivyo. Ni njia mojawapo ya kuepuka mtego wa wastani uliomchanganya Zacharias, ingawa nayo bado haimhesabu aliyekata tamaa kabla ya ukurasa kufunguka.

Ndani ya Chrome na Edge kuna zana iitwayo Lighthouse. Huupima ukurasa wako na kuupa alama kati ya 0 na 100, pamoja na orodha ya marekebisho. Iendeshe kwenye dirisha la faragha ili viongezi vya kivinjari chako visiyavuruge matokeo, na uirudie mara kadhaa kwa kuwa alama hupanda na kushuka. Lakini usiiabudu alama hiyo, kwani ni matokeo ya jaribio moja la kuigiza. Kwa tovuti yenye wageni wa kutosha, huduma ya PageSpeed Insights huonyesha pia hali iliyowakuta wageni halisi wanaotumia Chrome.

Azima simu

Pamoja na uzuri wake wote, zana za kivinjari huiga tu hali ya mteja. Ndiyo maana kila ofisi inayounda tovuti inafaa kuwa na simu moja ya bei nafuu, ile ambayo wateja wengi wanayo. Iunganishe na tarakilishi kwa waya wa USB, iruhusu hali ya wasanidi, kisha uandike chrome://inspect kwenye Chrome ya tarakilishi. Utaukagua ukurasa ulio kwenye simu kwa zana zile zile tulizozieleza.

Kisha mwenye biashara na fundi wake waandikiane mkataba wa uzito, kwa mfano kwamba hakuna ukurasa utakaozidi kilobaiti 600 wala kuhitaji zaidi ya faili 30. Bila ya kikomo hicho, tovuti iliyopunguzwa leo itanenepa tena baada ya miezi michache, kwani kila idara itataka kuongeza kitu chake kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hubebwa na mteja.

Siku ya kukabidhi tovuti, usiionyeshe kwenye tarakilishi ya ofisini. Mpe mwenye duka ile simu ya bei nafuu, zima Wi-Fi, mpeleke hadi stani ya matatu wakati wa msongamano wa jioni, kisha umwombe atafute bei ya kiti. Akiipata kabla ya gari kujaa, mlipwe nyote wawili: wewe kwa kazi yako, naye na yule mteja ambaye zamani angejiondokea kimyakimya.